Kambare, kamongo na gogogo si uchafu wa ziwa

 

Ndugu msomaji, siku moja nikiwa zamu katika zahanati jirani na mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, aliletwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane. Nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, uso umevimba, hataki kucheza wala kucheka. Nilipobonyeza mguu wake kwa kidole pakabaki shimo. Wazazi walikuwa wamekwishamzungusha kwa waganga wawili wakidhani amerogwa. Ilikuwa ni kwashakoo, yaani utapiamlo mkali.

Nilimuuliza mama yake, mtoto anakula nini? Akasema: "Daktari, anakula ugali wa muhogo na chai ya rangi. Mboga ikipatikana ni mchuzi." Nikamgeukia baba, nikamuuliza kazi yake. Akajibu kuwa ni mvuvi wa ndoano. Nikashangaa. Mtoto wa mvuvi anakosaje samaki? Akanieleza kuwa sato na sangara anawauza wote, maana ndio wenye bei. Nikamuuliza, na kambare je? Akacheka: "Ustadhi, hao ni uchafu wa ziwa. Kambare wadogo tunawafanya chambo cha sangara. Gogogo tunamvunja miiba tunamtupa. Kamongo ndiyo kabisa, yule ni nyoka."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Nyumba ilikuwa inatupa kitoweo majini huku mtoto anavimba kwa lishe duni.

Mvuvi ana sababu zake za kuwachukia samaki hawa, na hatumlaumu kwa hilo. Gogogo ana miiba mitatu migumu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni. Akikamatwa huisimamisha ikajifunga, na kumnasua kwenye wavu ni kazi ya kuupasua wavu wenyewe. Kamongo ana meno makali, hutafuna nyavu na humjeruhi mvuvi vidole. Kambare humeza chambo kilichokusudiwa samaki wengine, na akiingia katika bwawa la mfugaji huwamaliza vifaranga vya sato. Lakini usumbufu wa samaki katika wavu si dalili ya ubaya wake katika sufuria.

Hebu tutazame kwanza upande wa sharia, maana wengi hujificha nyuma ya neno haramu. Katika Surat al-Maida, aya ya 96, Allah (s.w.) ametuhalalishia windo la bahari na chakula chake. Wako wanaodai kuwa hiyo ni bahari ya chumvi tu. Watu hao wasome Surat Fatir, aya ya 12. Hapo Mola wetu anazitaja bahari mbili, moja tamu ya kunyweka na nyingine ya chumvi kali, kisha anatukumbusha kuwa katika zote mbili tunakula nyama laini. Basi ziwa na mto vimo.

Ama suala la kuchinja, wapo wanaosema kamongo na kambare lazima wachinjwe kwa kuwa hukaa muda mrefu nchi kavu bila ya kufa. Samaki hahitaji kuchinjwa. Imepokewa hadithi kwamba tumehalalishiwa mizoga miwili, samaki na nzige. Hata hivyo Uislamu umetuamrisha ihsani kwa kila kiumbe, kwa hiyo si vyema kumwacha kambare anagaagaa juani nusu siku. Apigwe kichwani mara moja, amalizike.

Je, kamongo ni nyoka au ni jamii ya chura? Hapana. Kamongo ni samaki. Ana mapezi, ana matamvua, na magamba anayo ila ni madogo na yamezama ndani ya ngozi. Kinachowachanganya watu ni kwamba amepewa pia mapafu ya kuvutia hewa, na baadhi ya jamii yake huweza kujizika katika tope kavu kwa miezi mingi wakisubiri mvua. Hiyo ni katika ajabu za uumbaji wa Allah, haimtoi katika usamaki. Ama kambare hana magamba. Ndugu zetu wa madhehebu ya Shia Ithnaashariya wameweka sharti la magamba, na hilo ni lao. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, samaki wote ni halali.

Itakuwaje kwa yule ambaye nafsi yake haimtaki tu? Huyo halazimishwi. Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani mfano wa mjusi mkubwa. Hakumla, akaeleza kuwa hapatikani katika ardhi ya watu wake, lakini hakumharamisha, na Khalid bin Walid (r.a.) akamla mbele yake. Tena imepokewa kuwa Mtume hakuwa akitia ila chakula. Akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Basi wewe baba kama humpendi kambare, muache. Usimwite uchafu mbele ya watoto, wala usiwanyime riziki waliyohalalishiwa.

Sasa tuje upande wa tiba. Gramu 100 za nyama ya samaki zina takriban gramu 15 hadi 20 za protini. Yai moja lina kama gramu 6. Kwa hiyo kipande cha kambare cha ukubwa wa kiganja kinakaribia mayai matatu. Ndani yake mna pia mafuta yanayofaa ubongo wa mtoto, pamoja na madini. Mtoto akitimiza miezi sita huanza chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya. Minofu ya samaki iliyopondwa vizuri na kuchambuliwa miiba yote inafaa kuchanganywa katika uji au kiazi.

Lakini nisieleweke vibaya. Mtoto aliyekwisha kuvimba hatibiwi kwa kambare. Huyo awahishwe hospitali siku ile ile, maana lishe yake huanza kwa utaratibu maalumu, na mara nyingi ana maradhi mengine ndani yake. Samaki ni wa kumkinga asifike huko.

Upo uchafu wa kweli ambao inatupasa kuuogopa, nao unatokana na mikono yetu. Kwanza ni uvuvi wa sumu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu hiyo. Wazungu walijilinda; nasi tusikubali kula au kuuza samaki tusiyejua amevuliwaje. Pili, kambare hustahamili maji machafu, kwa hiyo wapo wanaomvua katika mitaro ya maji taka. Huyo msimle. Wanachuoni wetu wamezungumzia mnyama alaye najisi, jallala, kuwa afungiwe na kulishwa chakula safi kabla ya kuliwa. Nasi kitabibu tunaongeza kuwa kumhamishia maji safi hakuondoi sumu za viwandani zilizokwisha kuingia katika nyama.

Tatu ni utayarishaji. Msugue kambare kwa majivu au chumvi mpaka ute uishe, toa matumbo na matamvua, osha kwa maji safi, kisha mpike hadi nyama iwe nyeupe na iachane na mfupa. Samaki wa maji baridi huweza kuwa na minyoo, na moto wa kutosha ndio unaoiua. Aliyebanikwa nje tu huku ndani mbichi hafai. Ukimkausha, mweke juu ya kichanja, si chini mchangani penye nzi na kinyesi cha kuku.

Nne ni miiba. Ukichomwa na gogogo au kambare, osha jeraha kwa maji na sabuni, litie katika maji ya moto unayoweza kuyastahamili bila kuungua, kisha nenda zahanati ukaulizie chanjo ya pepopunda. Usipake kinyesi wala mafuta ya taa.

Na wanaodhani kuwa kamongo huleta kichocho wamekosea. Kichocho hakipatikani kwa kula samaki, hupatikana kwa kuingia katika maji yenye vijidudu vitokavyo kwa konokono. Na kamongo ni mlaji mkubwa wa konokono! Tunayemwita adui anatusaidia kazi.

Yule mtoto alilazwa hospitali ya wilaya, na alhamdulillah alipona. Baba yake alipokuja kunisalimia nilimuomba jambo moja tu: kabla ya kumpelekea wakala samaki wake, atenge kwanza samaki wa nyumbani, hata akiwa ni gogogo mmoja. Nafaka ya mkulima huanza kujaza chungu cha watoto wake. Kwa nini kapu la mvuvi liwe tofauti? Kumlisha uliyenaye chini ya mamlaka yako ni wajibu, na kuitupa neema huku mwanao ana njaa ni jambo ambalo tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.