Rangi ya Baiskeli
Na Rashidi Mwinyikambi

Juzi nilisimama kwenye mabanda ya wachoraji pale Oysterbay, Dar es Salaam, nikimtazama kijana mmoja akimalizia twiga. Ubao wote alishaupaka rangi ya machungwa na kuuacha ukauke. Sasa alikuwa akiweka madoa, moja baada ya jingine, pumzi kaibana.

Nilimkumbuka mpwa wangu. Anapenda kuchora tangu darasa la tatu, ila anangoja. Anangoja kompyuta, anangoja mtaji, anangoja mtu wa kumshika mkono. Nami nina lawama hapo, kwani kila mara nimemwambia afuate ndoto yake, wala sijawahi kumwambia aanzie wapi.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga hakungoja. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akaja Dar es Salaam kuhangaika na vibarua. Alipoanza kuchora, kwenye mwaka 1968, alikuwa mtu mzima mwenye majukumu yake. Turubai hakuwa nayo, akachukua vibao vya dari, vya futi mbili kwa mbili. Rangi za wasanii hakuziweza, akanunua zile za mafuta za kupakia baiskeli. Ule mng'aro unaowavuta wageni hadi leo ulitokana na alichokimudu mfukoni. Picha zikauzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, chini ya mti.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi, wakidhani gari alimokuwamo ni la wezi. Akafa. Miaka minne tu ya brashi! Kila nikiihesabu naumia.

Lakini katika miaka hiyo michache aliwakalisha wenzake ubavuni, akina Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda na Simon Mpata, akawafundisha anavyofanya. Angeuficha ujuzi wake, ungezikwa naye. Wao waliushika, wakawapa wengine, na mwaka 1990 wachoraji hao wakawa na ushirika wenye jina lake. Nasema hili kwa yakini: alipofika Tingatinga, hakufika peke yake.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza yule kijana kama anaweza kumpokea mwanafunzi. Hakuinua macho kwenye twiga wake. "Aje asubuhi, mzee," alisema. "Aanze kwa kuosha brashi."

Mpwa wangu amekwenda leo.