Jeki Nje ya Gari
Nyuma ya Land Cruiser moja ya watalii iliyoonekana Karatu juma hili, jeki ndefu, yaani ile ya mhimili wenye matundu ambayo uzito wake hukaribia kilo 13, ilikuwa imefungwa kwenye ngazi ya keria kwa vipande vya tyubu, huku sepetu ikining'inia kando yake kwa kamba ya manila. Ufungaji huo huweza kutosha kwenye lami, lakini barabara ya vumbi iendayo Serengeti kupitia Ngorongoro ina mikunjo kama ya bati, na mtetemo wake, yaani mtikisiko mdogo unaojirudia mfululizo, hulegeza hata nati iliyokazwa kwa spana, sembuse kilichofungwa kwa haraka, ambacho barabara hukifungua taratibu. Mafundi makini hutumia nati zenye pete ya nailoni ndani, ambazo hung'ang'ania bolti, na huweka kipande kipana cha chuma nyuma ya bodi ili isichanike. Mpira wa tyubu, kusema haki, huzuia kelele vizuri. Hata hivyo, mwenye gari anayenunua viti vya ngozi kabla ya bolti nne za kushikia jeki amemfikiria mgeni aliye ndani na kumsahau mwendesha bodaboda anayefuata nyuma, ambaye ndiye atakayekutana na chuma hicho kikidondoka.