Usonji: hesabu imepanda, lakini watoto walikuwepo

Nchini Marekani, hesabu ya serikali ya mwaka 2000 ilionyesha mtoto 1 mwenye usonji, ambao kwa Kifaransa unaitwa otisimu, kati ya watoto 150 wa miaka 8. Mwaka 2022 alikuwa 1 kati ya 31. Watu wakisikia hivyo, wanatafuta mara moja wa kushitaki: chanjo, parasetamoli, chakula cha kizungu. Hata Goma na Bukavu maneno hayo yanazunguka kwa WhatsApp.

Wangeanza kwa kuangalia daftari la daktari. Leo Kanner alipoeleza hali hiyo mwaka 1943, aliandika juu ya watoto 11. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliongeza watoto wanaosema vizuri lakini wanashindwa kuelewana na wenzao. Mwaka 2013 makundi yote yakawa moja. Watoto weusi, ambao zamani walihesabiwa wachache kuliko wazungu, kwa hesabu ya 2020 waliwapita. Damu yao haikubadilika. Walifikiwa tu na wapimaji. Sababu nyingine zipo, kama wazazi kuzaa wakiwa na umri mkubwa, lakini sehemu kubwa ya ongezeko ni macho yaliyofunguka.

Habari ya chanjo ilitoka kwa Andrew Wakefield mwaka 1998, na jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010. Kuirudia Kongo ni hatari kabisa: surua iliua zaidi ya watu 7 000 hapa katika 2019 na 2020, wengi wao watoto.

Kongo haina hesabu yake. Mtoto asiyesema, anayezungusha kifuniko cha chupa siku nzima, anaitwa mwenye kichwa kigumu, au mbaya zaidi, mchawi. Anafungiwa kwenye chumba cha maombi, wakati sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inaadhibu anayemsingizia uchawi. Ni wangapi wameadhibiwa?

Serikali isingoje wataalamu kutoka Kinshasa. Siku mama anapopeleka mtoto kwenye kilo, muuguzi amuulize: akiitwa jina, anageuka? Anaonyesha kitu kwa kidole? Mtoto wa miezi 18 asiyefanya hivyo apimwe masikio kwanza, kisha afuatiliwe. Maswali hayo hayahitaji mashine wala umeme, na yanaweza kuandikwa kwenye karatasi ileile ya chanjo.