Chombo cha Jirani Hakikusikia: Barua ya Wazi kwa Katibu Mkuu wa IMO

Kwa Bwana Arsenio Dominguez,
Katibu Mkuu, Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO),
Albert Embankment, London.

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Mimi ni mzaliwa wa Kojani, Pemba, na mkazi wa London. Kaka yangu amefia katika Mkondo wa Pemba akiwa na simu mkononi. Nakuandikia wewe kwa sababu mikataba inayoamua chombo gani kilazimike kuwa na redio baharini inaandikwa na kurekebishwa katika jengo lenu, ng'ambo ya mto kutoka Westminster.

Mashine ilizimika usiku, kusi likivuma, wakirejea nyumbani kutoka dago, kambi ya wavuvi, upande wa Tanga. Tanga la akiba likachanika. Kaka akatoa simu. Mtandao ulikuwa unakuja na kupotea, na nyumbani watu walikwisha kulala, simu zao hazipatikani. Aliyekuwa macho ni mimi, maana huku saa ziko nyuma. Akaniambia mashine imekufa, maji yanaingia, na minara ya Tanga hawaioni tena. Nikapiga namba ya dharura niliyoikuta imetangazwa. Iliita mpaka ikakata. Nilipopiga tena ikapokelewa, nikaambiwa nipige asubuhi. Ofisi hiyo siitaji hapa. Malalamiko juu yake nimeyapeleka yanakohusika. Nilipomrudia kaka, simu yake haikupatikana, na haijapatikana tena.

Mwili wake haukuonekana. Tulimsalia sala ya ghaibu, na mkewe ilimbidi aende kwa Kadhi kuuliza eda aianze siku gani. Chombo nacho kimekwenda, pamoja na mashine iliyokuwa bado ya mkopo.

Waliookoka ni vijana wawili, walioelea na madumu mpaka wakaokotwa na wavuvi kesho yake. Wamesimulia kwamba kabla chombo hakijapinduka waliona taa ya chombo kingine ikipita. Wakapiga kelele, wakapunga tochi, upepo ukachukua sauti, na taa ikaenda zake. Nahodha wa chombo hicho alikuja msibani. Ni mtu wetu, amekaa dago moja na kaka yangu misimu mingi. Alikaa mkekani akasema angelijua angeligeuza. Namwamini. Mimi niliyekuwa London nilijua. Yeye aliyekuwa karibu kiasi cha taa yake kuonekana hakujua lolote.

Ndiyo tofauti ya simu na redio ya bahari, nayo inapimwa kwa roho za watu. Simu humwita mtu mmoja, popote alipo, hata kama hana la kufanya. Redio ya VHF kwenye chaneli ya 16 huwaita wote waliomo majini kwa wakati mmoja, na walio karibu zaidi ndio wanaosikia vizuri zaidi. Redio ndogo ya mkononi, ya wati 5, kutoka chombo kidogo hadi kingine hufika maili kama tano za baharini. Haihitaji mnara, haihitaji salio, wala haimlazimu mtu kukumbuka namba ya yeyote. Nyingi zimeundwa zisiingie maji, na baadhi huelea zikianguka. Hapa London inauzwa kwa chini ya pauni 150. Chombo kilichopita usiku ule kingekuwa na redio kama hiyo, na cha kaka yangu vilevile, nahodha yule angesikia jina la chombo anachokijua likiitwa.

Siidharau simu. Imewaletea wavuvi wetu bei ya soko kabla hawajafika dikoni, na utabiri wa hali ya hewa, na fedha mkononi. Lakini minara ya simu hujengwa na makampuni ya biashara, hujengwa nchi kavu, na antena zake huelekezwa waliko wateja, mijini na barabarani. Mnara wa GSM kwa kawaida haufiki zaidi ya kilomita 35 hata mbele yake kukiwa kweupe. Kutoka Pemba hadi bara ni takriban kilomita 50, na chombo kilicho chini juu ya maji kati ya mawimbi hakipati hata hizo 35. Mvuvi anayeambiwa kwamba siku hizi kila mtu ana simu, basi ameshapata mawasiliano ya bahari, anadanganywa.

Nyinyi hili mnalijua kuliko mimi, kwa sababu mkataba wenu mkubwa ulizaliwa na msiba wa jirani asiyesikia. Titanic ilipozama Aprili 1912, meli ya Californian ilikuwa karibu nayo. Fundi wake wa redio alikuwa amekwisha kuzima mitambo na kulala. Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, ndiyo iliyosikia na ndiyo iliyokuja. Lord Mersey alisimamia uchunguzi hapahapa London, akaona kwamba Californian ingeweza kuokoa watu wengi. Januari 1914, katika jiji hilihili, mataifa yakatia saini mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, na miongoni mwa yaliyowekwa ni kwamba meli zikae zikisikiliza redio saa zote. Dunia iliona aibu, ikatunga sheria. Imepita zaidi ya karne moja, na katika Mkondo wa Pemba jirani bado hasikii, na hakuna aliyeona aibu.

Nimeusoma mkataba wa sasa. Sura ya Tano inahusu meli zote katika safari zote, na kanuni yake ya 33 inamlazimu nahodha anayepata habari ya watu walio hatarini, na anayeweza kusaidia, aende upesi. Sura ya Nne ndiyo inayohusu redio, na hiyo inawalazimisha wenye meli za mizigo za tani 300 na zaidi, na meli za abiria, zikiwa katika safari za kimataifa. Kanuni ya 3 ya Sura ya Kwanza inavitoa nje vyombo vya uvuvi, vyombo visivyoendeshwa kwa mashine, na vyombo vya mbao vya muundo wa kale. Maana yake nahodha wa dau au mashua ya Kojani ana wajibu wa kwenda kuokoa akipata habari, lakini hakuna anayewajibika kuhakikisha kwamba habari inamfikia. Tuna nahodha aliyelia mkekani kwa sababu hiyo. Wajibu alikuwa nao, nia alikuwa nayo, chombo kizima alikuwa nacho. Hakusikia.

Najua nitakachojibiwa: kwamba vyombo vidogo ni kazi ya serikali za nchi, na kwamba mwaka 2010 nyinyi, pamoja na FAO na ILO, mlipitisha mapendekezo ya usalama kwa vyombo vya uvuvi vilivyo chini ya mita 12 na vile visivyo na sitaha. Nayo nimeyasoma. Ni mazuri, na redio imo. Lakini ni mapendekezo, hayamfungi mtu, na hayajaandikwa kwa lugha ya wanaokufa. IMO ina lugha rasmi sita na Kiswahili hakimo. Misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini mliyoipitisha mwaka 2001 ni ya Kiingereza. Nahodha aliyesoma chuo cha Qurani na bahari hajui kwamba anaruhusiwa kusema Mayday mara tatu, kisha jina la chombo, mahali alipo na shida yake kwa Kiswahili, na kwamba walio karibu naye, wa Wete, Mkokotoni, Vanga au Shimoni, watamwelewa vizuri zaidi hivyo.

Kwa mujibu wa utafiti wa Fish Safety Foundation uliotolewa mwaka 2022, zaidi ya watu 100,000 hufa duniani kila mwaka katika kazi ya uvuvi. Wengi wao hawamo katika meli zenu za tani 300.

Ofisi yenu inatazama mto Thames. Kwenye mto huo, usiku wa tarehe 20 Agosti 1989, boti ya Marchioness ilizamishwa na watu 51 wakafa. Familia zao zilidai kwa miaka mingi, na mwaka 2002 shirika la uokoaji la RNLI lilifungua vituo vinne vya boti za uokoaji mtoni. Leo waongozaji wa vyombo mtoni husikilizwa usiku na mchana. Nafurahi kwa ajili ya watu wa London, kwani nami ni mmoja wao. Lakini sisi tuliozika watu wa meli ya Spice Islander Septemba 2011 na wa meli ya Skagit Julai 2012 tunazo familia vilevile, nazo zinadai vilevile.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Mkutano wenu wa Florence wa mwaka 2000 ndio uliozaa kituo cha kanda cha uratibu wa uokoaji Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 2006, na Dar es Salaam pia kuna kituo. Vituo hivyo sivilaumu hapa. Lakini kituo kilichoko mjini hakimsaidii asiye na cha kukiitia, na hata akikiita, boti ya kutoka mjini itafika baada ya saa nyingi. Anayeokoa katika bahari zetu ni mvuvi mwenzio. Ndivyo ilivyokuwa tangu wazee wetu wanaingia baharini na mitepe, na ndivyo ilivyokuwa kwa vijana wale wawili.

Kwa hiyo nadai, kwa heshima lakini nadai. Mapendekezo ya mwaka 2010 yatafsiriwe kwa Kiswahili mwaka huu, yachapwe, yafike madikoni. Fedha zenu za msaada wa kiufundi kwa mwambao wetu zinunue redio za mkononi na mafunzo, zisiishie kwenye semina za hotelini. Mzishauri Tanzania na Kenya zitoe leseni ya redio ya chombo kidogo bure: hapa Uingereza Ofcom huitoa bila malipo ukiomba kwenye intaneti, na mafunzo ya kuitumia ni ya siku moja. Kila boti inayogawiwa wavuvi kwa jina la uchumi wa buluu itoke na redio, kama inavyotoka na mashine. Na kila kisiwa chenye diko kiwe na antena moja ndefu na mtu wa zamu anayesikiliza chaneli ya 16, tangu Kiunga hadi Mtwara.

Na wafadhili wanaokuja kila mwaka na programu mpya ya simu kwa ajili ya wavuvi wasikie nao. Serikali zinazozindua programu hizo kwa picha na hotuba zisikie. Makampuni ya simu yanayopaka minara rangi na kujiita wakombozi wa mwambao yasikie. Mmetupa kitu cha kuagana na ndugu zetu walio mbali. Mmeacha kutupa kitu cha kumwita aliye jirani.

Naomba jibu la maandishi kabla ya kikao kijacho cha Kamati yenu ya Usalama wa Bahari, na naomba lieleze lipi kati ya haya mtalifanya, lini, na nani atawajibika. Nitalitafsiri mwenyewe na kulisoma dikoni Kojani, mbele ya nahodha yule na wenzake, neno kwa neno.

Wako kwa heshima,
Mzaliwa wa Kojani, mkazi wa London