Santo Stefano di Sessanio: msishuke siku hiyohiyo

Wengi hupanda asubuhi, wakapiga picha, na saa nane wameshashuka mjini L'Aquila. Jamani, laleni huko! Kijiji kiko Italia, chini ya mlima Gran Sasso, mita 1,250 hivi juu ya usawa wa bahari, na jioni baridi huuma hata Julai, kwa hiyo bebeni sweta. Juu ya lango la mawe mtaiona nembo ya Medici. Matajiri hao wa Firenze walikitawala tangu 1579, wakifuata sufu ya kondoo ambao kila majira ya baridi waliswagwa hadi Puglia, kusini. Vichochoro vingine vinapita chini ya nyumba za watu, giza mchana kweupe. Mnara wa kijiji uliporomoka kwenye tetemeko la 6 Aprili 2009, ukajengwa upya. Kuuona umesimama tena kulinifurahisha mno.

Kuleni supu ya adesi za hapo: ndogo kama pilipili manga, nyeusi-nyeusi, zinaiva bila kulowekwa. Na mwenye miguu imara apande hadi ngome ya Rocca Calascio, mita 1,460. Atoke alfajiri, kivuli njiani ni haba.