Juzuu kuukuu za vita zisiuzwe kwa kilo

Maktaba ya shule inapofagiliwa, au mzee msomi anapofariki dunia na jamaa zake wakaketi kugawana alichoacha, kuna mali moja ambayo aghalabu haimpati mgombeaji. Nayo ni yale mafurushi ya vitabu vinene vya historia ya vita vikuu vya dunia, juzuu kumi au ishirini zilizopangwa safu moja, majalada yake yamefifia na kurasa zake zimegeuka rangi ya chai. Shamba lina mrithi, ng'ombe wana mrithi, na hata saa ya ukutani iliyokwama miaka ishirini haikosi mtu wa kuililia. Vitabu huishia kando ya barabara vikiuzwa kimoja kimoja, ama huenda kwa kilo kwa muuza njugu apate karatasi za kufungia.

Huo ni upotevu wa mali ya umma, hata pale mali hiyo inapokuwa mikononi mwa mtu binafsi. Tunajua msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: vitabu hivyo viliandikwa na Wazungu, kwa ajili ya Wazungu, tena kwa kujisifu kwingi. Vyatuhusu nini?

Na tuanze na kisa kimoja kinachotuhusu moja kwa moja. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya Uingereza iliamuru historia rasmi ya vita hivyo iandikwe, kila uwanja wa mapambano na juzuu zake. Kampeni ya Afrika Mashariki ilitengewa juzuu mbili. Ya kwanza, Military Operations: East Africa, ilitayarishwa na Luteni Kanali Charles Hordern kutokana na rasimu ya Meja H. FitzM. Stacke, ikatoka mwaka wa 1941. Humo mna kutekwa kwa Taveta na Wajerumani Agosti 1914, fedheha iliyowapata Waingereza kule Tanga Novemba mwaka huo huo, kushindwa kwao katika kilima cha Salaita Februari 1916, na vita vya Latema na Reata mwezi uliofuata. Simulizi lafika Septemba 1916, kisha lakoma. Juzuu ya pili haikuchapishwa kamwe.

Hebu tuitazame tarehe hiyo ya kukoma. Vita havikwisha Septemba 1916. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku kadhaa baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Miaka hiyo miwili iliyoachwa nje ya kitabu ndiyo iliyowaangamiza watu wetu. Mwaka wa 1917 serikali ya kikoloni, kazi hiyo ikiwa imekabidhiwa John Ainsworth, iliendesha msako mkubwa wa vijana wa kubeba mizigo ya jeshi. Walichukuliwa kutoka vijijini wakapelekwa kusini, kwenye mvua, mabonde ya matope na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Kuhara, malaria na kichomi viliwaua wengi kuliko risasi. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebeba jina la kikosi chao hadi leo, ilhali wengi wapitao sokoni humo hawajui jina hilo limetoka wapi.

Kwa hiyo mwenye kuiweka juzuu ya Hordern rafuni, na kando yake akaacha nafasi ya ile isiyochapishwa, ana ushahidi wa mambo mawili kwa pamoja: kilichosemwa, na mahali waliponyamazia. Katika vitabu vya aina hii ofisa Mzungu hutajwa kwa jina na cheo, naye mpagazi huingia kama hesabu tu, sawa na punda na magunia ya unga. Mtu hawezi kuushtaki ukimya huo kwa uvumi. Sharti akifungue kitabu chenyewe, aoneshe ukurasa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipotoa ripoti yake mwaka wa 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Maungamo kama hayo hayatokani na hisani tupu. Hutokana na watu walioketi na makaratasi ya kale wakalinganisha hesabu.

Faida ya pili ya juzuu hizi ni kwamba nyingine ziliandikwa moto ungali unawaka. John Buchan alianza kutoa historia yake mwaka wa 1915, nayo ilifika juzuu 24. Gazeti la The Times la London lilianza yake mwaka wa 1914, ikafikia juzuu 22 kufikia 1921. Waandishi hao hawakujua nani angeshinda. Hofu yao, propaganda yao na makisio yao yaliyokwenda kombo yote yamo. Vita vilipokwisha Buchan aliifupisha kazi yake ikawa juzuu nne tu, na mwanafunzi mwenye matoleo yote mawili aweza kuona kwa macho yake ni nini mshindi alikiona hakifai tena kusemwa. Mwenye toleo moja hawezi.

Halafu kuna suala la moto. Wajerumani waliandika historia yao rasmi, Der Weltkrieg, juzuu 14, kutokana na nyaraka za jeshi zilizokuwa Potsdam. Aprili 1945 mji huo ulipigwa mabomu na sehemu kubwa mno ya nyaraka hizo ikateketea. Mengi ambayo leo yanajulikana juu ya maamuzi ya makamanda wa Kijerumani yamebaki kwa sababu tu yalikwisha kuchapishwa na kusambazwa. Waingereza nao waliunguliwa na zaidi ya nusu ya faili za wanajeshi wa kawaida wa vita vile mabomu yalipoangukia ghala lao London mwaka wa 1940. Kitabu kilichotawanyika katika miji mia moja ni kigumu kuunguza.

Wapo watakaosema kwamba vitabu hivi sasa vimo kwenye intaneti, basi karatasi za nini? Intaneti ni neema, hatubishi. Lakini historia ya vita bila ramani ni hadithi ya kipofu, na ramani za vitabu hivi ni zile zilizokunjwa mara nne au sita ndani ya jalada. Mara nyingi aliyenakili kitabu kwa mashine hakujisumbua kuzikunjua. Yule anayetaka kujua maji yalipatikana wapi kati ya Voi na Maktau, au reli ya kijeshi ilipita wapi, atakuta picha ya karatasi iliyokunjwa.

Hatusemi kila furushi ni dhahabu. Juzuu sita za Winston Churchill juu ya Vita Vikuu vya Pili, zilizotoka kati ya 1948 na 1953, zimejaa kila mahali, na asiwepo mtu wa kumtoza mwenzake fedha nyingi kwa ajili yake. Mwandishi mwenyewe alikuwa mshitakiwa, wakili na hakimu katika kesi moja. Zisomwe kwa hadhari hiyo. Baya zaidi kuliko kuziuza ni kuzitenganisha: juzuu ya tatu ikaenda Nakuru, ya tano ikaenda Kisumu, na ile yenye faharasa ikaliwa na mchwa.

Nchi hii ina mfano wa kuigwa. Marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966, alikusanya maelfu ya vitabu adimu, na zaidi ya 8,000 vilivyochapwa kabla ya 1900 vimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, wazi kwa wasomaji. Vilinunuliwa kwa fedha za umma, na hatujasikia Mkenya akilalamika.

Kaunti ya Taita Taveta, ambako makaburi ya vita hivyo yako Voi, Taveta na Maktau na ambako watalii huja kuzuru viwanja vya mapigano, ingestahili kuwa na mkusanyiko kamili wa juzuu hizi katika maktaba yake, ramani zote zikiwemo. Rasimu za ile juzuu ya pili zimehifadhiwa London. Serikali yetu na iandike barua rasmi kuomba nakala, ziwekwe pale Voi kando ya Hordern, katika nafasi iliyoachwa wazi tangu 1941.