Maksai Wafundishwe Kugeuka, Mtoto Aende Shule

Mvua ndefu zikikaribia, pita asubuhi na mapema katika njia yo yote ya skimu zetu, utaona watu watatu wakilima kwa plau moja. Wa kwanza ni baba, ameshika mikono ya plau. Wa pili ni kijana mwenye fimbo, atembea kando akipiga mluzi na kukemea. Wa tatu ni mtoto wa miaka tisa au kumi, yuko mbele ya ng'ombe, kamba mkononi. Nauliza: huyu wa tatu afanya kazi gani?

Ukimwuliza baba atakujibu kwamba mtoto anaongoza maksai. Lakini mtazame vizuri. Katikati ya shamba mtoto hana kazi. Plau zetu nyingi hutupa udongo upande wa kulia, kwa hiyo maksai wa kulia hutembea ndani ya mfuo uliokwisha kulimwa, na hawezi kupotea. Mwenzake amefungwa naye kwa nira, atakwenda wapi? Kazi ya mtoto huanza wanapofika mwisho wa shamba. Hapo maksai mmoja husimama, wa pili huendelea, nira hupinda, mnyororo hulegea na kuingia katikati ya miguu, na mtoto huvuta kamba kwa nguvu zake zote ili wanyama wawili wakubwa wageuke. Basi kweli ni kwamba mtoto huyu ametolewa darasani kwa ajili ya kona.

Mimi si Bwana Shamba. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, kazi yangu ni barua na vitabu vya hesabu. Lakini kabla ya kuingia ofisini nilisomea ualimu, na hata leo sipiti karibu na shule bila kutaka kujua ni nani hakufika. Maoni yangu ni haya: maksai asiyejua kugeuka si mkaidi, hakufundishwa. Somo hilo si gumu, na mwenye kupaswa kulifundisha ni mwenye ng'ombe. Si haki mtoto alilipie.

Labda utasema kona ni jambo dogo. Hebu tufanye hesabu pamoja. Eka moja ni kama mita za mraba 4,047. Ikiwa plau yako hukata upana wa sentimita 20, maksai wako hutembea kilomita 20 kumaliza eka hiyo moja, na wewe watembea nyuma yao. Ikiwa mfuo una urefu wa mita 80, itakubidi ulime mifuo kama 250, ndiyo kusema kugeuka mara 250. Tuseme kugeuka vibaya hupoteza nusu dakika tu kuliko kugeuka vizuri. Nusu dakika mara 250 ni dakika 125, yaani zaidi ya saa mbili zilizopotea kwa kelele na kuvutana, katika kila eka. Na kama shamba lako ni fupi, mfuo wa mita 40, hesabu ni maradufu: kugeuka mara 500.

Kwa sababu hiyo yafaa kulima kwa kufuata upande mrefu wa shamba, mradi upande huo wakata mteremko wala haushuki nao. Mteremko ukikataa, fuata kontua, hata kama mfuo utakuwa mfupi. Udongo ukichukuliwa na maji haurudi, lakini maksai waweza kuwafundisha.

Saa hizo mbili si mchezo. Kwamba mahindi yakipandwa kwa kuchelewa mavuno hupungua, jambo hilo lilipimwa Kitale tangu miaka ya 1960, na kila mkulima wa Lugari au Trans Nzoia alijua kwa macho yake. Mwenye eka tano anapoteza zaidi ya saa kumi kwa kona peke yake. Kwa maksai hiyo ni zaidi ya siku nzima ya kazi, maana haifai kuwalimisha tangu asubuhi mpaka jioni.

Sasa tutazame kona yenyewe, maana hapo ndipo makosa mengi yalipo. Maksai wawili wanapogeuka hawafanyi kazi sawa. Yule wa ndani hana budi kupunguza hatua, akanyage karibu pale pale, hata arudi nyuma kidogo. Yule wa nje hana budi kupanua hatua na kumzunguka mwenzake. Kama wa ndani hakufundishwa kungoja, hutembea kama kawaida, basi nira humkwaruza shingoni mbele ya nundu, na wa nje husukumwa pembeni. Ukiona kidonda upande mmoja tu wa shingo, usiilaumu nira peke yake. Angalia namna mnyama huyo anavyogeuka.

Na sisi hufanya nini wakati huo? Twapiga. Ng'ombe amefika mahali asipojua la kufanya, na hapo ndipo fimbo inapomshukia na watu watatu wanampigia kelele, kila mtu neno lake. Baada ya siku chache mnyama ameshajifunza jambo moja tu, kwamba mwisho wa shamba ni mahali pa maumivu. Ataanza kuogopa hatua kumi kabla ya kufika, atakaza shingo, ataikimbia kona au atagoma kabisa. Halafu twasema ni mkaidi. Mwalimu apigaye darasa kwa somo ambalo hajalifundisha twamwonaje? Tena tukumbuke kwamba nchi hii ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na maksai wa plau hakuachwa nje.

Kuna watu mbali sana na sisi ambao kazi yao yote ni kona, nao wana jambo la kutufaa. Huko Marekani, hasa Texas na majimbo ya magharibi, kuna mashindano ya farasi ambayo huchezwa zaidi na wanawake. Mapipa matatu husimamishwa uwanjani kwa umbo la pembetatu. Katika kipimo chao cha kawaida, pipa la kwanza na la pili huachana kama mita 27, na la tatu liko mita 32 kutoka kwa kila moja la hayo mawili. Mpanda farasi huingia mbio, huzunguka kila pipa, kisha hutoka mbio. Mwenye muda mfupi ndiye mshindi, na ukiangusha pipa unaongezewa sekunde tano. Wanawake hao waliunda chama chao huko Texas mwaka 1948.

Mtu angedhani farasi wa namna hiyo hufundishwa kukimbia. Sivyo. Farasi mwenye mbio anazo tayari, mbio si shida. Mshindi na mshindwa hutengana kwenye pipa. Kwa hiyo mwalimu mzuri wa farasi hao huanza kwa mwendo wa kutembea. Humzungusha farasi pipa kwa hatua za polepole mpaka mnyama ajue kupunguza mwendo kabla ya kufika, kuweka uzito wake kwenye miguu ya nyuma, na kuupinda mwili wake kulizunguka pipa bila kuliegemea. Halafu mwendo wa shoti. Mbio huja mwisho kabisa, na farasi akianza kuharibu hurudishwa kwenye kutembea. Tena mpanda farasi haelekezi mnyama kwenye pipa lenyewe, ila mahali pa wazi kando yake, ili apate nafasi ya kugeukia. Anayelikimbilia pipa moja kwa moja huligonga. Na anayevuta sana hatamu ya upande wa ndani humfanya farasi adondoshe bega na kupanua kona badala ya kuikaza.

Mwanamke mmoja, Charmayne James, alikuwa bingwa mara kumi mfululizo, tangu 1984 hadi 1993, na farasi wake aliyeitwa Scamper. Katika mashindano makuu ya mwaka 1985 hatamu ya Scamper ilikatika akiwa mbioni. Hakukuwa na cha kumwongozea kichwa. Farasi aliyazunguka mapipa yaliyobaki na kushinda duru hiyo. Ndugu mkulima, linganisha na maksai wako. Kamba ya mtoto ikikatika leo, watafanya nini?

Sikushauri ufuge farasi wa mashindano. Maksai hakimbii, na shukuru. Lakini utaratibu ule ule, polepole kwanza, mzigo baadaye, watufaa sana.

Anza na maksai wa umri wa miaka miwili hadi mitatu, wawili wanaolingana kimo na tabia. Chagua nani atakuwa wa kulia na nani wa kushoto, na usiwabadilishe. Wape majina mafupi yasiyofanana, kwa maana wawili wenye majina ya sauti moja wataitika pamoja. Chagua maneno manne: nenda, simama, kulia, kushoto. Yawe ya Kiswahili, Kiluhya, Kikalenjin au Kikamba, ng'ombe hajali, lakini neno lisibadilike kutoka mtu hadi mtu. Nyumba nyingine baba ana neno lake na kijana ana lake, na maksai yuko katikati kama mtoto aliyebadilishiwa kitabu kila siku.

Siku za kwanza mfundishe kila mmoja peke yake kwa kamba: kwenda, kusimama, kugeuka. Kisha wafunge nira bila kitu nyuma yao. Simamisha vijiti viwili mahali pa wazi, uwazungushe kwa kutembea, kulia kwa siku moja, kushoto kwa siku ya pili. Kabla ya kugeuka wasimamishe, hesabu mpaka tatu, ndipo utoe neno. Kusimama huko ndiko kunakomfundisha wa ndani kungoja. Akingoja vizuri, mkune shingo. Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni yatosha. Mnyama aliyechoka hasikii, na hilo nililijua darasani kabla sijalijua shambani. Baadaye wafungie gogo dogo, kisha kubwa zaidi, kisha plau. Wakiharibu kwa gogo, ondoa gogo, rudi nyuma hatua moja.

Mtu wa kamba yuko mbele mwanzoni, hilo sikatai, lakini awe mtu mzima, na kila siku arudi nyuma kidogo: kwanza penye kichwa, kisha penye bega, kisha kando ya plau. Mtu asiyeondoka mbele ya ng'ombe huwafundisha kumfuata yeye, wala hawajifunzi neno.

Usisahau kuwafundisha pande zote mbili. Wengi wetu hulima kwa kuanzia katikati ya kipande na kugeuka kulia siku zote, na udongo hujikusanya katikati mwaka hata mwaka. Mwaka unaofuata yafaa kuanzia pembeni na kugeuka kushoto. Lakini maksai aliyezoea upande mmoja atakataa, na mkulima ataendelea kujenga kilima katikati ya shamba lake kwa sababu ng'ombe wake wanajua mkono mmoja tu.

Wakati wa kulima, acha ukingo wa kutosha kila mwisho, wenye nafasi kwa jozi nzima pamoja na mnyororo. Ukingo huo utaulima mwisho. Plau itolewe ardhini kabla ya neno la kugeuka, si pamoja nalo, ilazwe kwa ubavu iteleze. Urefu wa mnyororo nao utazamwe. Ukiwa mfupi mno plau itawagonga miguu ya nyuma, ukiwa mrefu mno kona itakuwa pana na mnyororo utakanyagwa.

Wako watakaosema maksai wao ni wazee, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Maksai wa miaka sita aweza kujifunza. Itachukua siku nyingi zaidi, kwa kuwa lazima kwanza asahau hofu ya kona. Wengine watasema trekta laja. Lije. Lakini siku mvua inapoanza trekta moja huitwa na watu wengi, na mwenye maksai wake huanza kulima siku ile ile.

Wako pia watakaosema mtoto anapenda kazi hii, na ya kuwa wao wenyewe waliifanya. Naamini. Mtoto hupenda lo lote linalomtoa darasani wakati wa hesabu. Lakini mvua ndefu huja katika muhula wa kwanza, na mtoto akikosa wiki tatu hapo, huanza muhula wa pili hajui wenzake wanasoma nini. Tangu sheria ya elimu ya mwaka 2013, kumpeleka mtoto shuleni ni lazima kwa mzazi, wala haikuandikwa kwamba msimu wa kulima umetolewa.

Neno moja la palizi. Nira ya palizi ni ndefu kuliko ya kulimia. Kama safu zako za mahindi huachana sentimita 75, maksai waachane sentimita 150, kila mmoja katika njia yake na chombo katikati yao. Kona ya nira ndefu ni ngumu zaidi, na hatua moja mbaya huvunja mashina. Basi kabla mahindi hayajaota, chomeka vijiti katika kipande kisichopandwa, safu nne au tano kwa kipimo hicho, uwapitishe hapo na kuwageuza kwenye miisho. Jioni jua likipoa ndio wakati mzuri, na mtoto akitoka shule aweza kuja kuhesabu vijiti vilivyoangushwa.